Taruben, Sisimizi na Paka wa Jirani

Mama mkwe wangu alikaa Kobe miaka thelathini na minane bila kizingiti. Si kwamba hakuwa na nyumba. Alikuwa na nyumba nzuri ya kupanga, ghorofa ya tano, yenye dirisha la kutazamia meli. Lakini mlango wake ulifungukia kwenye ukumbi wa saruji wa wapangaji wote, na msimamizi wa jengo alikuwa mtu wa kubandika matangazo. Tangazo la kwanza alilombandikia Taruben, bi harusi wa wiki mbili tangu atoke kwao Palanpur, Gujarati, lilisema: "Tafadhali usimwage unga ukumbini."

Hakuwa amemwaga unga. Alikuwa amechora tausi.

Kwao kizingiti huchorwa kila asubuhi kwa unga. Tangu siku hiyo alichora mara moja tu kwa mwaka, usiku wa Diwali, sikukuu ya taa, kwenye sinia la chuma lililowekwa juu ya kabati la viatu. Wageni walisifu, kisha wakaweka funguo zao juu ya mchoro.

Kwa hiyo mimi na mume wangu Ketan tulipopata nyumba ndogo ya chini, kwenye kichochoro cha Kitano karibu na hekalu letu, tulimchukua Ba (sisi humwita hivyo, yaani mama) aje aitazame. Mwanamke mwingine angekimbilia jikoni. Yeye alivua viatu, akasimama nje na soksi zake, akaipapasa saruji ya mlangoni kwa wayo.

"Hapa," akasema.

"Hapa nini, Ba?"

"Hapa panatosha. Humo ndani fanyeni mnavyotaka."

Asubuhi ya kwanza baada ya kuhamia naye alichora yungiyungi kwa unga wa mchele, katikati akatia manjano. Akaingia kuoga. Alipotoka hapakuwa na yungiyungi. Palikuwa na saruji tupu, imemwagiwa maji, inang'aa kama sahani ya mgeni. Siku ya pili alichora tausi, akanawa mikono tu asioge. Tausi naye hayupo. Siku ya tatu hakunawa. Alijibanza nyuma ya pazia, akanivuta na mimi, mswaki ukiwa bado mdomoni mwangu.

Mwizi alikuwa bibi mfupi, kavaa kofia ya jua na aproni ya mikono mirefu, ufagio wa mianzi mkononi. Alifagia mlangoni kwake. Kisha, kama ilivyo ada ya watu wa mtaa huu, akafagia kwa jirani wa kulia, akaja kwa jirani wa kushoto, ndio sisi. Akamwaga maji kwa kata, akaiinamia saruji yetu kidogo kwa heshima, akaenda zake.

"Ba, anatufanyia wema," nilisema kwa povu la dawa ya meno.

"Wema gani? Kamfagia tausi wangu kuanzia mkiani!"

"Basi nenda ukamwambie."

"Nimwambie nini? 'Mama, tafadhali acha kunisafishia mlango'? Hata Palanpur ningechekwa."

Vikawa vita vya saa. Ba alichora saa kumi na mbili, bibi akafagia kumi na mbili na nusu. Ba akasogea nyuma hadi kumi na moja, apate walau kuutazama mchoro wake kwa muda, na bibi, sijui usingizi ulimkimbilia wapi, naye akasogea nyuma. Ikafika siku ya Alhamisi moja ya mwezi wa sita, mvua imekatika alfajiri, wakakutana ana kwa ana. Mmoja kachuchumaa na bakuli la unga, mwingine kasimama na ufagio.

"Kumbe ni wewe unayemwaga," alisema bibi. Jina lake Okuyama-san, miaka sabini na minne, mjane, mwalimu wa shamisen, lile gambusi lao la nyuzi tatu.

"Kumbe ni wewe unayefagia," alijibu Ba.

"Nilidhani ni njiwa. Nikasema jirani zangu wapya maskini, juu ya paa lao kuna njiwa wanaharisha."

Ba alisimama wima. "Njiwa gani anayeharisha tausi mwenye taji?"

Okuyama-san alishusha miwani puani, akainama. Alitazama sana. "Huyu ni tausi? Mimi naona bata."

"Hajamalizika!"

"Bata au tausi, analeta sisimizi. Wamefika mpaka kwenye mtungi wangu wa sukari."

"Ndiyo kazi ya unga wa mchele. Ukianza siku kwa kuwalisha wadogo, siku nayo haikuachi na njaa."

"Wadogo wako wanakula kwangu," alisema Okuyama-san, akaingia ndani, akatoka na kopo la dawa ya kuulia wadudu.

Hapo ndipo nilipoitwa. Nilimkuta mama mkwe wangu amekaa chini kwenye saruji yenye maji, juu ya bata, samahani, juu ya tausi, mikono ameitanua kama kuku anayeatamia. Sisi Wajaini, kwa dini yetu, hatuui hata mbu. Baba mkwe alikuwa akimsindikiza mbu hadi dirishani kwa gazeti. Okuyama-san alikuwa ameshika kopo kifuani. Wote wawili walikuwa wanasema Kijapani kile kile, wametengana hatua mbili, lakini kila mmoja alizungumza na mimi.

"Mwambie mkweo asimame, ataugua kibofu."

"Mwambie jirani alirudishe kopo lake, mimi nitaugua ninavyotaka."

"Mwambie sisimizi hawana adabu."

"Mwambie adabu wamefunzwa, ila njia ya sukari ndiyo wameijua."

Nilikuwa nimechelewa kazini. Napokea wagonjwa katika kliniki ya meno, na wagonjwa wa meno hawapendi kusubiri. Nikasema lile lililonijia tu: "Ba, si uchore kwa unga wa mawe? Sisimizi hawali mawe."

Okuyama-san akashusha kopo. Ba akanyanyuka, amelowa nyuma, akaingia ndani bila kuaga.

Kesho yake jirani alibisha hodi akiwa na furushi la kitambaa cha zambarau. Ndani mlikuwa na vichupa kama ishirini vya vumbi la rangi. Marehemu mumewe alikuwa mchoraji wa taa za karatasi na mapazia ya majukwaa, na tangu afe vichupa vilikuwa vimekaa kabatini. Ba alivifungua kimoja kimoja. Ilikuwemo buluu ya jioni, na nyekundu ya kutu, na kijani ambacho hatukuwa na jina lake. Alipofika kwenye cheupe akasimamisha kidole.

"Hiki cheupe ni mawe gani?"

"Si mawe. Ni maganda ya chaza yaliyosagwa."

Ba akarudisha mkono mapajani. "Samahani. Chaza ni kiumbe. Sisi hatugusi kitu kilichotolewa uhai."

Okuyama-san alimtazama masikioni kwa utulivu. "Na hizo zako zilichumwa mtini?"

Ziko lulu mbili katika kila sikio la Ba. Ukoo wetu mzima umekula, umesoma na umeoa kwa biashara ya lulu. Baba mkwe alichambua lulu miaka thelathini kwa jicho moja na koleo. Zinatoka wapi, hilo hatuliulizi mezani. Niliganda nikingoja moto uwake. Badala yake Ba alianza kucheka, kwanza puani, kisha mabegani, mpaka akashika ukingo wa meza.

"Jigna," akaniita, "mwekee mama huyu chai. Weka na tangawizi. Huyu atatumaliza."

Kuanzia hapo ufagio ulizunguka mchoro kwa mbali kama mtu anayepita pembeni ya mtoto aliyelala. Ila Okuyama-san hakuacha kusema. "Leo maua yako yamenenepa." "Korongo huyu ana goti la nyuma mbele." Ba naye alimwambia aache kukosoa, mkosoaji akija asubuhi hata jua huona haya. Lakini nilimwona akilirekebisha goti. Baada ya mwezi michoro yenyewe ilikuwa imebadilika. Maumbo ya embe ya kwao Gujarati yalikuwa yamepindwa kwenye mawimbi ya kule kwenye mapazia ya marehemu, na kulikuwa na nafasi tupu, kitu ambacho mama mkwe wangu hakuwahi kukivumilia maishani. "Amenifundisha kuacha," aliniambia. "Vigumu kuliko kuweka."

Ba huimba akichora. Nyimbo za garba, ngoma ya duara ya kwetu, zile alizozicheza akiwa msichana. Asubuhi moja shamisen ikamjibu kutoka dirisha la pili. Alinyamaza, nayo ikanyamaza. Akaimba mstari, nao ukarudishwa, umekosewa kidogo.

"Umekosa mapigo!" Ba alipaza sauti.

"Wewe ndiye una mapigo ya ziada!"

"Sita! Hesabu sita!"

"Sisi huku tunakwenda mbili mbili!"

"Basi mbili mara tatu ni ngapi?"

Dirisha likapiga mbili, mbili, mbili. "Sita," likakiri.

Mwezi wa saba mwenyekiti wa mtaa, mzee Kitadani, akaja kwa Okuyama-san na jasho lake. Sikukuu ya kuwapokea wafu ilikuwa inakaribia, ile ya katikati ya mwezi wa nane ambapo watu hucheza duara kuzunguka mnara wa mbao wenye ngoma juu, na mtaa wetu ulikuwa umebaki na wachezaji tisa. Wawili kati yao walikuwa wamefanyiwa upasuaji wa nyonga. Je, Okuyama-san angeweza kupiga shamisen, na pengine kumtafutia watu?

"Watu ninao," alisema Okuyama-san, akiwa hajamuuliza hata mmoja.

Ba alikataa papo hapo. Tangu baba mkwe afariki, miaka kumi na mmoja, hakuwa ameingia kwenye duara lolote. Hakuna aliyemkataza, alikaa tu kwenye viti vya pembeni, akashika mikoba ya wengine. Na wifi yake Manharben, mkubwa wa wanawake wa hekaluni, alipolisikia jambo hilo alikuja mbio. "Mjane, umri huu, ukatikise mabega mbele ya wafu wa watu! Taru, una homa?"

Okuyama-san alingoja Manharben aondoke. "Mume wako siku hizo za sikukuu anarudi. Utampokea umekaa kwenye kiti?"

"Harudi. Kwetu mtu akifa huzaliwa tena. Yule sasa yuko mahali, ana miaka kumi, anakariri hesabu."

"Kumi?" Okuyama-san alifikiri. "Basi huenda atakuwepo uwanjani. Wa umri huo wote huja kula barafu ya sharubati."

Jioni ile nilimkuta Ba jikoni akikanda unga, na miguu yake, chini ya meza, ilikuwa inahesabu sita.

Wakaanza mazoezi sebuleni kwa Okuyama-san, wanawake saba wa kwetu na wale tisa wa mtaa. Yakaenda vizuri hadi Jumanne moja, wakati wa mapumziko, Ba alipolichukua lile gambusi mapajani alifute vumbi.

"Ngozi laini hii," alisema. "Nimekuwa nikijiambia ni karatasi."

Okuyama-san angeweza kusema ndiyo. Lakini hakuwa mtu wa namna hiyo. "Ni ya paka," alisema.

"Paka."

"Paka wa zamani sana. Lilikuwa la mwalimu wangu. Lilipona mabomu ya vita, likapona na tetemeko."

"Na haya madoa manne? Nilidhani ni urembo."

"Ni chuchu zake."

Ba aliliweka chini polepole, kama mtu anayelaza mtoto wa mwenzake. Akavaa viatu, kushoto kulia, kulia kushoto, akavuka kichochoro hivyo hivyo.

Siku tisa hakuvuka tena. Alichora alfajiri, Okuyama-san akafagia kwa kuzunguka, wakapeana salamu za hali ya hewa. Nami nikarudia kazi yangu ya ukalimani. "Muulize mkweo kama ana afya." "Mwambie afya ninayo." "Mwambie sikumuua mimi." "Mwambie najua." Usiku nilimsikia Ba akimwambia Ketan kwamba haikuwa hasira. Ni kwamba mikono yake ilikuwa imempapasa kiumbe yule wiki kadhaa, na ikafurahi.

Siku ya kumi kukasikika mlio dirishani kwa jirani. Ulikuwa wimbo wa Ba, mapigo sita kamili, lakini sauti ilikuwa ya mtu anayegonga ndoo bafuni. Ba alisikiliza mpaka mwisho, midomo ameibana. Akapakua keki za dengu alizokuwa ametoka kuzipika kwa mvuke, akavuka. Nikamfuata, kwa kweli kwa udaku tu.

Okuyama-san alikuwa na gambusi jipya, la wanafunzi, lililowambwa plastiki.

"Linalia kama ndoo," Ba alisema mlangoni.

"Najua. Lakini ndoo haina chuchu."

Wakala keki zote. Mimi sikupewa.

Siku yenyewe ikafika, jioni ya joto, taa za karatasi zimewashwa kabla jua halijazama. Uwanja wa shule ulijaa kuliko mzee Kitadani alivyowahi kuota, maana wanawake wetu saba walikuwa wameleta waume, wajukuu na hata Manharben, aliyekuja, alisema, kutazama tu na kujionea aibu. Ba alikuwa amechora tangu mchana kuzunguka mguu wa mnara: embe, mawimbi, korongo mwenye goti sahihi. Okuyama-san akapanda jukwaani na ndoo yake. Mpiga ngoma akaangusha mkono mara moja tu, na ile plastiki ikamezwa. Alijaribu tena. Tuliona kijiti chake cha kupigia nyuzi kikienda, hatukusikia kitu. Watu wakaanza kutazamana.

Ba alikuwa amesimama mbele ya wanawake wake, sari yake ya kijani imepigwa pasi mara tatu. Alimtazama Okuyama-san. Okuyama-san alitazama mawingu, hakuomba kitu.

"Nenda kalete paka wako," Ba alisema.

"Una hakika?"

"Si ni siku ya kurudi waliokufa? Na yeye kafa. Nenda, kabla sijabadili mawazo."

Dakika zile ambazo Ketan alikimbia badala yake kulichukua, mama mkwe wangu alipiga magoti kwenye vumbi, akafungua kichupa cheupe, kile cha maganda ya chaza ambacho hakuwahi kukigusa, akachora paka. Paka mnene, amejikunja, jicho moja wazi. Akamzungushia nukta za unga wa mchele, wa kula kabisa, ili apokelewe na chakula. Okuyama-san aliposhuka kulipokea gambusi la mwalimu wake, aliuona mchoro, akauinamia hadi kiunoni. Safari hii hakukosoa goti.

Lile paka lililia. Sijui niseme vipi. Sauti ilipanda juu ya ngoma, kavu na tamu, na wimbo wa msichana wa Palanpur ukatoka uwanjani Kobe kana kwamba ulikuwa umeacha viatu hapo.

Hapo ndipo tulipogundua kwamba mwezi mzima wa mazoezi kwenye sebule ndogo, kila mtu amebanana mahali pake, hatukuwahi kuulizana duara linazungukia upande gani. Watu wa mtaa wakaenda kulia. Sisi tukaenda kushoto. Mama mmoja mwenye nyonga mpya akakumbatiana na shemeji yangu bila kukusudia, sari ikakamata feni ya mkononi, mzee Kitadani akapiga filimbi ambayo hakuna aliyeitii.

"Geukeni nyie!" walisema wao.

"Geukeni nyie, sisi tumeshaanza!" tulisema sisi.

"Acheni hivyo hivyo!" Ba alipiga kelele kutoka katikati. "Nyie ndani, sisi nje! Piteni!"

Tukapita. Duara la ndani likaenda kulia, la nje kushoto, na kila baada ya mapigo sita ulikuwa unakutana na uso mwingine, mnagonganisha viganja, mnaachana, unapewa mwingine. Nilipiga makofi na mwenye duka la tofu, na mgonjwa wangu mmoja wa meno aliyekuwa akinikwepa tangu Mei. Mzunguko wa tatu nilikutana na Manharben. Sijui aliingia saa ngapi. "Nyamaza," aliniambia kabla sijafungua mdomo, akapita.

Ba alicheza mwanzo hadi mwisho. Karibu na banda la barafu watoto walisimama wakitazama, midomo myekundu kwa sharubati, na nilimwona akipita mbele yao polepole zaidi kuliko wimbo ulivyotaka, akiwaangalia mmoja mmoja. Kisha akarudi kwenye mapigo.

Baada ya hapo nyumba ya utamaduni ya wilaya iliwaandikia barua, ikiwataka watumbuize majira ya kupukutika majani. Kulikuwa na fomu. Kwenye "kazi" Ba aliandika "mama wa nyumbani". Okuyama-san akaifuta, akaandika "mchoraji", kisha wakagombana nusu saa kuhusu kile kisanduku cha "aina ya sanaa". Walichoandika mwishowe sikukiona, lakini karani alipiga simu kuuliza. Waliitwa, walikwenda, Ba aliingiwa na woga akasahau ubeti mzima wa pili, Okuyama-san akaujaza kwa vidole, na hakuna aliyejua ila mimi.

Sasa ni mwaka wa sita. Kila Alhamisi wana darasa kwenye ukumbi wa mtaa, wanafunzi thelathini na wawili, na Manharben ndiye anayesahihisha makofi. Okuyama-san ametimiza themanini. Vidole vinamuuma asubuhi, kwa hiyo darasa limesogezwa hadi alasiri, na Ba humsugua kwa mafuta ya ufuta huku akimlaumu kwa kutovaa glavu. Wiki iliyopita walikata tiketi za basi kwenda Tokushima kucheza ngoma za huko, siku tatu mfululizo. Ketan alimuuliza mama yake kama wamepata mahali pa kulala.

"Kwani," alisema Ba, "nani kakwambia tunakwenda kulala?"